Majina Manane Yaliyokosekana Kwenye Kioo cha Kompyuta



Katika ukurasa huu tumezoea kueleza mambo ya mizani, hati za mshahara na makato. Safari hii tutaeleza mambo ya kompyuta, na tunawaomba msiupite ukurasa mkidhani ni habari ya wasomi. Inawahusu mifukoni.

Mwaka 2022, siku ya kugawa fedha za msaada kwa wanachama waliosimamishwa kazi wakati wa ukame, wachuma chai wanane wa genge moja walifika katika ofisi ya tawi letu wakaambiwa hawamo katika orodha. Mama mmoja alifungua mfuko wa plastiki akatoa hati zake za mshahara za miezi kumi na minne, na kila moja ilionyesha makato ya chama. Karani wa tawi akakigeuza kioo cha kompyuta kumwelekea, akamwambia, "Mama, tazama mwenyewe. Jina lako halimo." Mama akatazama, na kweli halikuwamo. Wote wanane walirudi nyumbani mikono mitupu, na jioni ile maneno yakaenea kambini kwamba chama kimekula fedha zao.

Fedha zilikuwapo. Majina yalikuwamo katika faili iliyoko makao makuu, yameandikwa sawasawa, na ada zao zote zimeingizwa. Kilichokosa ni kioo. Tulichunguza, na hatukumwona mwizi. Tuliona jambo ambalo tangu hapo tumejifunza kuliogopa kuliko mwizi, nalo ni programu iliyofundishwa kunyamaza inapokosa. Kosa lilikuwa la chama, yaani letu, na kwa hiyo ni wajibu wetu kulieleza tangu mwanzo wake.

Kompyuta ya tawi ni kuukuu na mtandao wa simu kule shambani ni dhaifu. Kwa hiyo programu ya orodha hukaa makao makuu, na tawi huiona kwa mbali, kwa maandishi matupu: herufi nyeupe juu ya weusi, mistari 24 kwenda chini, nafasi 80 kwenda kando. Vipimo hivyo vina historia. Nafasi 80 zinatoka kwenye kadi za matundu za kampuni ya IBM, ambazo zilikuwa na nafasi 80 tangu mwaka 1928. Vyote viwili, 24 na 80, vilikuwa vipimo vya mashine ya VT100 iliyotolewa na kampuni ya Digital ya Marekani mwaka 1978. Mashine ya namna hiyo huitwa terminali. Ilikuwa ni kioo na kibao cha vibonye tu, na akili yenyewe ilikaa katika kompyuta kubwa chumba kingine, vikiunganishwa kwa waya. Siku hizi terminali ni dirisha dogo ndani ya kompyuta ya kawaida, lakini dirisha hilo bado linafuata desturi za VT100.

Terminali inafanyaje kazi? Herufi inayofika kwenye waya huandikwa pale kilipo kishale, ile alama inayopepesa, kisha kishale kinasogea hatua moja. Ukitaka kukihamisha kishale mpaka mstari wa 5, nafasi ya 10, unatuma amri inayoanza na herufi nambari 27, ile ya kibonye kilichoandikwa Esc. Kwa VT100 amri hiyo ni herufi ya 27, halafu [5;10H. Terminali hupokea alama hizo bila kuziandika, nayo huhamisha kishale.

Matatizo yalianzia hapo. Kila kampuni ilitunga amri zake. VT52, iliyotangulia VT100, ilitaka 27, kisha Y, kisha herufi mbili za kuonyesha mstari na nafasi. Terminali ya ADM-3A ilitaka 27, kisha alama ya =, kisha herufi mbili. Ni kama shamba ambalo kila nyapara ana filimbi yake; genge lililozoea filimbi moja likihamishiwa kwa nyapara mwingine halijui aanze nani wala asimame nani. Programu iliyoandikwa kwa terminali moja ilimwaga takataka kwenye nyingine.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kijana aitwaye Bill Joy alikuwa akitengeneza programu ya kuandikia iitwayo vi, na terminali aliyoitumia ilikuwa hiyo ADM-3A. Aliandika pia daftari la kompyuta, liitwalo termcap, lenye maelezo ya kila aina ya terminali na amri zake. Baadaye mwenzake Ken Arnold alichukua ile sehemu ya vi iliyojua kusogeza kishale kwa uhodari, akaitengeneza iwe kabati la zana ambalo programu yoyote inaweza kulitumia. Aliliita curses. Neno hilo kwa Kiingereza maana yake ni laana. Lilikuwa mchezo wa maneno kwa sababu linafanana na jina la kishale katika lugha yao. Wako wanaosema jina lilistahili. Mchezo wa kompyuta ulioitwa Rogue, wa karibu mwaka 1980, ulikuwa miongoni mwa kazi za kwanza kulitumia kabati hilo. Kabati ambalo wengi wetu tunalo leo ni jamaa yake aitwaye ncurses, lililotokea mwaka 1993 na ambalo mtu yeyote anaruhusiwa kulitumia bure. Limetunzwa miaka mingi na mtu mmoja, Thomas Dickey, akisaidiwa na wengine waliojitolea. Tunalitaja hilo kwa sababu wenzetu huwa wanadhani mambo haya yote ni mali ya makampuni.

Uhodari wenyewe wa kabati hilo tuueleze, maana unatufaa hata sasa. Siku zile laini ya simu iliyoitwa ya 300 ilipitisha herufi kama 30 kwa sekunde. Kioo chote kina herufi 24 mara 80, yaani 1,920. Gawanya kwa 30: sekunde 64. Ukibadilisha herufi moja na kuandika kioo kizima upya, unangoja dakika nzima na zaidi. Kwa hiyo curses huweka picha mbili ndani yake. Moja ni ya kioo kilivyo sasa, na ya pili ni ya kioo kinavyotakiwa kiwe. Programu inapoandika, inaandika kwenye picha ya pili tu, na macho ya mtu hayaoni kitu. Ikisha kutoa amri ya kuonyesha upya, curses hulinganisha picha hizo mbili na kutuma zile tofauti peke yake. Uzito wa jani ukisahihishwa kutoka kilo 14 kuwa 15, zinakwenda alama chache, basi. Ndiyo maana tawi letu lenye mtandao wa kusuasua linaweza kuiona orodha ya makao makuu bila kulala usingizi likingoja.

Sasa tufike kwenye kiini. Curses imeandikwa kwa lugha ya C. Lugha hiyo ina nguvu na mbio nyingi lakini haina huruma. Ukikosea mahali pa kuweka kitu, huenda isikuambie. Karani wetu wa makao makuu ni kijana mwenye bidii lakini C haijui. Anajua Python, lugha nyepesi iliyoanzishwa na Guido van Rossum huko Amsterdam na kutolewa kwa watu mwaka 1991. Programu ya Python haiwezi kuingia yenyewe katika kabati la C na kuchukua nyundo. Lazima pawe na mtu wa katikati. Wataalamu huita kazi yake kufungia, kwa sababu kitu cha C kinafungwa ndani ya kitu cha Python. Sisi tutamwita mkalimani, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kusimama mbele ya meneja tukiwa na mkalimani kando, na tunajua mambo yanavyoweza kupotea njiani.

Mkalimani wa curses huja pamoja na Python yenyewe. Kazi yake ya kwanza ni kubadili vitu. Python humpa jina la mtu, naye huligeuza kuwa baiti ambazo C inazijua. Kwa majina mengi hakuna taabu. Taabu ni majina yetu yenye ng', hasa yakiwa yameandikwa na mashine inayopenda kuweka ile alama ya juu iliyopinda. Alama hiyo moja, kwa hesabu ya UTF-8, ni baiti 3. Kama kompyuta haikuambiwa inatumia herufi za namna gani, baiti hizo tatu hutokea kama alama za ajabu katikati ya jina, na safu ya fedha inasogea kando. Tulikuwa na hilo pia, ila hilo lilionekana kwa macho na likarekebishwa siku ile ile.

Kazi ya pili ni kupunguza maneno. Katika C, kuandika herufi moja kuna majina manne: addch, waddch, mvaddch na mvwaddch, kufuatana na unaandika katika dirisha gani na kama unataka kishale kihamishwe kwanza. Mkalimani wa Python ameyafanya kuwa neno moja, na wewe unataja mahali ukitaka, au hutaji. Lakini desturi moja ya zamani ameiacha kama ilivyo: mstari hutajwa kwanza, halafu nafasi. Shuleni tulifundishwa kinyume, kwenda kando kwanza na juu baadaye. Karani wetu alipoteza mchana mzima kwa ajili hiyo.

Kuna mambo mengine anayoyatazama mkalimani mzuri, na tutayapita haraka. Ukimwambia andika kabla hujafungua kioo, anakukatalia kwa maneno. Dirisha ambalo Python hailihitaji tena, yeye ndiye hulirudisha kwa C ili lifutwe, lisibaki likila nafasi. Na anapongoja mtu abonyeze kibonye, huuachia ufunguo wa karakana ili sehemu nyingine za programu ziendelee na kazi. Mkalimani mbaya angekaa na ufunguo mfukoni, na karakana yote ingesimama ikimngoja mtu mmoja aliyekwenda kunywa chai.

Halafu kuna makosa, na hapa ndipo majina manane yalipopotelea.

Kazi ikishindikana katika curses ya C, curses haipigi kelele. Inarudisha nambari tu. Ikifaulu inarudisha 0, isipofaulu inarudisha -1. Mwandishi wa programu asipoitazama nambari hiyo, kazi inaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Mkalimani wa Python anafanya vingine, na tunamsifu kwa hilo: akiona -1, anasimamisha programu na kutangaza kosa. Ni sawa na mwakilishi wa wafanyakazi anayekataa mashine iendelee kuzunguka wakati kinga yake imevunjika.

Sasa sikilizeni. Karani wetu alipenda programu yake iwe nzuri, akaweka mstari wa rangi chini kabisa ya kioo, kutoka ukingo hadi ukingo. Kumbe kona ya chini ya kulia ina mkosi wake. Ukiandika herufi pale, herufi inaandikwa, lakini kishale hakina pa kwenda baada yake, na curses inarudisha -1. Mkalimani akatangaza kosa. Programu ikasimama, na kila akiiwasha inasimama. Rafiki yake akampa dawa: weka agizo kwamba kukitokea kosa lolote wakati wa kuandika, lipite, endelea. Maneno mawili tu katika Python. Programu ikatulia. Mstari wa rangi ukang'aa.

Agizo lile halikuwa la kona peke yake. Lilihusu kila kitu kinachoandikwa. Mkalimani aliyeajiriwa ili aseme alizibwa mdomo.

Makao makuu hapakuonekana tatizo, kwa sababu karani alikuwa na kioo kipya, dirisha lake lina mistari 50. Orodha ya genge la watu 30 ilienea na nafasi ikabaki. Kule tawini kioo kina mistari 24. Mistari miwili ya juu ni kichwa cha orodha, kwa hiyo inabaki 22 ya majina. Jina la 23 lilipoelekezwa kwenye mstari usiokuwapo, curses ilirudisha -1, mkalimani akataka kusema, akakumbushwa agizo, akanyamaza. La 24 vivyo hivyo, mpaka la 30. Karani wa tawi aliona kioo kilichojaa vizuri, majina 22, bila alama yoyote kwamba kuna zaidi.

Aliyegundua si mtaalamu. Ni mweka hazina wa tawi, mzee aliyewahi kuwa mhesabu magunia. Alikaa na yale majina manane, akasema, "Hawa wote wanaanzia R mpaka Z. Mwizi gani huyu anayeiba kwa alfabeti?" Orodha ilipangwa kwa alfabeti, na waliokatwa ni wa mkiani. Tukampigia simu karani wa makao makuu, akaja na basi la usiku. Asubuhi alipunguza dirisha lake mpaka mistari 24, akaona kama tulivyoona. Tunamshukuru kwamba hakujitetea.

Marekebisho yalikuwa haya. Agizo la kunyamaza liliondolewa. Programu sasa inakiuliza kioo kwanza kina mistari mingapi, jambo ambalo curses hulijibu mara moja, kisha inagawa orodha kwa kurasa. Mtu akipanua au akipunguza dirisha, inauliza tena. Kona ya mkosi iliachwa wazi, mstari wa rangi unaishia nafasi moja kabla ya ukingo, hakuna aliyelalamika. Na juu ya kila ukurasa imeandikwa majina yanayoonekana ni mangapi kati ya mangapi yaliyomo katika faili. Hilo la mwisho lilidaiwa na mweka hazina. Alisema hata kwenye magunia hesabu huandikwa mara mbili, gunia na daftari.

Kuondoa agizo la kunyamaza kulileta shida mpya ndogo, na tunaitaja kwa kuwa matawi mengine yatakutana nayo. Curses inapofungua kioo, inabadilisha tabia ya terminali. Inazuia vibonye visijiandike vyenyewe, na inapokea kila kibonye papo hapo bila kungoja kibonye cha kukubali. Kazi ikiisha, tabia ya kwanza lazima irudishwe. Programu ikifa kwa kosa kabla ya kurudisha, terminali inabaki katika hali ile: unabonyeza, hakitokei kitu, na maandishi yakitokea yanashuka mshazari kama ngazi. Katika tawi moja walidhani kibao cha vibonye kimekufa, wakanunua kipya. Cha zamani kilikuwa kizima. Dawa ya papo hapo katika mashine za Linux ni kuandika neno reset bila kuliona, kisha kubonyeza kibonye cha kukubali. Dawa ya kudumu imo katika mkalimani mwenyewe. Python ina kazi moja iitwayo wrapper. Unaipa programu yako, nayo hufungua kioo, huiendesha, na programu ikiisha vizuri au ikifa, hurudisha kila kitu mahali pake kwanza, ndipo kosa linatangazwa. Ni kama zamu inayotakiwa kusafisha mashine kabla ya kuikabidhi, hata kama imetokea ajali.

Basi, ndugu wa matawi, mkiletewa programu ya namna hii, iwe ya chama au ya mwajiri, ya orodha au ya mizani ya jani, muulizeni aliyeileta: jina likikosa nafasi kwenye kioo, nani atasema? Msikubali jibu kwamba halitakosa. Mwambieni apunguze dirisha mbele yenu mpaka mistari kumi, mtazame kinachotokea. Ikisimama na kutoa kosa, si vibaya. Kosa linalosomeka linarekebishika. Ikiendelea kwa raha na majina yamepungua, irudisheni. Jaribio hilo halitaki shule kubwa, na sisi tunaoandika haya tuliishia darasa la saba.

Wale wanane walilipwa wiki iliyofuata. Yule mama alikuja na hati zake zile zile, akaomba kioo kigeuzwe, akahesabu majina kwa kidole, ukurasa wa kwanza na wa pili, mpaka thelathini. Ndipo akatia dole gumba.

Matawi yenye kompyuta za Windows yafahamu kwamba Python ya huko haiji na mkalimani wa curses, kwa hiyo programu yetu haitafunguka ikiwekwa moja kwa moja kwenye mashine hizo. Inaweza kuonekana kwa mbali tu, kupitia mashine ya makao makuu. Tawi ambalo halina mtandao wa kutosha kwa hilo litaendelea kuletewa orodha ya karatasi kila mwisho wa mwezi, yenye jumla ya majina chini yake na sahihi ya mweka hazina.